Stroberi ndani ya kitalu nyumba Dodoma: kokopiti, pumba za mpunga au udongo na samadi?

Nzuguni_Kijani

Habari za majukumu wadau.

Nina kitalu nyumba cha mita 8 kwa 15 upande wa Nzuguni, nataka kuweka stroberi miche kama 800, aina ya Chandler nusu na Albion nusu nikiipata. Itakaa kwenye mifuko juu ya vichanja, kimo cha kiuno. Maji ni ya kisima kirefu, umwagiliaji ni wa matone.

Kinachonisumbua ni media ya kuoteshea. Nimepewa mapendekezo manne na kila mmoja anaapa kwa la kwake: udongo mwekundu na samadi na mchanga wa korongoni; kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) peke yake; kokopiti iliyochanganywa na pumba za mpunga kutoka Bahi; na wa mwisho anasema maranda ya mbao yanatosha, ni bure. Ipi inaukuza mche vizuri kwa hali ya hewa yetu? Kila mche unahitaji lita ngapi? Na kwa nini wengine wanapata majani ya kujivunia lakini matunda ya kuhesabu?

---

Afisa_Mimea

Karibu mkuu. Umeuliza media lakini hujasema maji yako yakoje, na kwa Dodoma huwezi kuchagua kimoja bila kujua kingine. Stroberi inachukia chumvi kuliko karibu mazao yote tunayolima. EC (kipimo cha chumvi) ya maji yaliyokamuliwa kwenye udongo uliolowa ikivuka 1.0 (milisiemensi kwa sentimita), mavuno yanaanza kushuka, na kila ikiongezeka 1 yanapungua kama theluthi. Nyanya haishtuki mpaka 2.5. Kwa hiyo peleka maji maabara, upate EC, pH na bikaboneti, kisha rudi hapa na majibu.

Turudi kwenye media. Chakula cha mche utakileta wewe kwenye maji, kwa hiyo usiichague kwa rutuba yake. Ichague kwa uwezo wa kushika maji na hewa kwa pamoja. Ikishalowa na kuchuruzika, stroberi inataka hewa ibaki asilimia 15 hadi 25 ya ujazo na maji asilimia 50 hadi 60.

Watu wengi wanakwama hapa: udongo uleule unaozaa vizuri shambani unakuwa mbaya ukiwekwa mfukoni. Shambani maji yanaendelea kuvutwa na udongo wa chini. Mfukoni yakifika kwenye matundu ya chini hakuna cha kuyavuta, hivyo sentimita kadhaa za chini hubaki zimejaa maji bila hewa. Chembe zikiwa ndogo, tabaka hilo la tope linakuwa nene zaidi. Mfuko wa kimo cha sentimita 10 wenye udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa tope karibu wote, huku juu ukiuona mkavu. Ukiongeza maji kwa sababu juu kumekauka, unaimaliza mizizi. Kwa hiyo kimo cha media kisipungue sentimita 15, ukipata 20 ni bora, na kila mche upewe lita 2 hivi. Lita 1.5 inawezekana kwa mtu mwenye kipima muda na umeme wa uhakika.

Udongo, samadi na mchanga: kwanza pima uzito. Miche 800 kwa lita 2 ni lita 1,600. Mchanganyiko huo ukilowa unakaribia kilo 1.5 kwa lita, maana yake zaidi ya tani mbili juu ya vichanja vyako. Kokopiti iliyolowa haifiki nusu ya hapo. Pili, samadi ya maboma yetu imekaa juani na mkojo umekauka ndani yake. Chumvi ni nyingi, na ya kuku imezidi. Tatu, udongo unaingiza minyoo fundo na fangasi wa mizizi, hasa Macrophomina, anayependa joto na ukame. Sehemu kubwa ya mwaka wetu ni hali hiyo.

Majani mengi bila matunda mara nyingi yanaanzia hapo hapo kwenye samadi. Naitrojeni inaachiliwa kadiri joto linavyopanda, wewe huna mkono wa kuipunguza, na mche unajenga majani na vijitawi vinavyotambaa badala ya maua. Sababu ya pili ni joto lenyewe. Urefu wa mchana Dodoma unacheza kwenye saa 12 mwaka mzima, hivyo hata Chandler, inayotaka siku fupi, haikwami hapo. Inakwama kitalu kikishinda juu ya nyuzi 30 siku nzima. Albion haijali urefu wa siku, lakini joto inalijali vilevile. Panda Machi au Aprili ili maua na matunda yaangukie Mei hadi Agosti.

Maranda: bei nzuri, matokeo mabaya yakiwa mabichi. Vijidudu vinavyoozesha mbao vinachukua naitrojeni kabla ya mche, majani yanakuwa ya njano tangu wiki za mwanzo, na mbao nyingine zina utomvu unaounguza mizizi. Hata yakiozeshwa vizuri miezi mingi, yanashuka mfukoni na kuacha moyo wa mche ukiwa umening'inia. Achana nayo.

Kokopiti peke yake: mche unashika haraka, mizizi midogo inakuwa mingi, na ukikosea ratiba kwa saa chache siku ya joto haufi. Hatari yake ni kumwagilia kupita kiasi na chumvi iliyokuja nayo kutoka Pwani.

Kokopiti na pumba zilizochomwa, 70 kwa 30 kwa ujazo: ningekushauri hii. Pumba zinafungua njia za hewa, kokopiti inashika maji. Sehemu za baridi na mvua ungeweza kwenda 50 kwa 50. Dodoma hewa ni kavu na upepo haupumziki, usivuke 30.

Perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto) ni nzuri lakini inatoka nje na bei yake inauma. Haishiki chakula hata kidogo, na pampu ikizima saa sita mchana hujui utakuta nini. Mawe mepesi ya volkano ya upande wa Rungwe yanaweza kuchukua nafasi ya pumba kama usafiri unalipika. Yachekeche ubaki na punje za milimita 3 hadi 8, uoshe vumbi.

Usiongeze mchanga kwenye kokopiti eti ipitishe maji. Punje ndogo zinaingia kwenye nafasi zilizokuwa za hewa na kuziziba. Unapata mfuko mzito wenye hewa kidogo kuliko ulioanza nao.

---

MpungaMweusi

Naongezea kwenye pumba, maana neno "zilizochomwa" limewaponza wengi.

Pumba mbichi zina mbegu za mpunga na magugu, zinaota mfukoni mpaka unajuta. Pia zinasukuma maji zikiwa kavu na zinakula naitrojeni zikianza kuoza. Majivu nayo siyo media: yanaziba na yanapandisha pH hadi 9 au zaidi. Unayotaka ni pumba nyeusi ambazo umbo lake bado lipo, ukizifikicha zinavunjika kama mkaa.

Chukua bomba la bati au ndoo ya chuma iliyotobolewa matundu madogo pande zote, iunganishe juu na bomba la moshi. Washa moto wa kuni ndani yake, kisha zungushia pumba kavu nje kama kichuguu. Moto unakula pumba kutoka ndani kwenda nje bila mwali. Ukiona weusi unatokea juu, geuza kwa koleo ili za nje ziingie ndani. Zikishakuwa nyeusi zote, ndani ya dakika chache zinaanza kuwa kijivu, hivyo maji yawe karibu. Zitawanye na uzimwagie mpaka zizimike kabisa. Lundo linaloonekana limezimika linaweza kuwaka tena usiku, na upepo wa Dodoma mnaujua. Lisilale karibu na nailoni ya kitalu.

Kisha zioshe. Ziloweke, mwaga maji, rudia mara mbili au tatu, kwa sababu majivu kidogo hayakosekani na yana potasi nyingi. Pima pH ya maji yanayotoka. Ikiwa bado juu ya 8, osha tena.

Kiasi: lita 1,600 ukigawa 70 kwa 30 ni kokopiti lita 1,120 na pumba lita 480. Vikichanganywa ujazo unapungua kwa sababu chembe ndogo zinaingia kati ya kubwa, ongeza asilimia 15. Tofali la kokopiti la kilo 5 linatoa lita 60 hadi 70 likishavimba, kwa hiyo agiza matofali 20. Pumba nyeusi ziwe kama lita 550.

---

Afisa_Mimea

Na kokopiti nayo ina maandalizi yake. Makumbi ya nazi yana potasi na sodiamu, na mara nyingine yameloweshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kusagwa. Kuosha kwa maji peke yake kunaondoa chumvi inayoyeyuka tu. Sehemu nyingine imeng'ang'ania kwenye nyuzi. Ukipanda hivyo, nyuzi zinanyakua kalsiamu ya mbolea yako na kuachia sodiamu na potasi, na mche unaonyesha njaa ya kalsiamu wakati umeilipia: majani machanga yanatoka na ncha nyeusi zilizojikunja.

Kwa kila tofali la kilo 5, tia maji lita 20 hadi 25 liachie lenyewe. Osha, chuja. Yeyusha gramu 100 za kalsiamu naitreti kwenye maji ya kutosha kulifunika, acha saa 24, chuja, suuza tena mpaka EC ya maji yanayotoka ikaribiane na ya maji unayosuuzia. Suuzo la mwisho lifanye kwa maji mazuri kuliko yote uliyonayo. Ukisuuza kwa maji ya kisima chenye chumvi unairudishia ulichokitoa.

Kabla ya kununua omba kipande, kivimbishe, changanya kipimo kimoja cha kokopiti na kimoja na nusu cha maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa (yale ya kuongezea betri, si asidi yake), subiri nusu saa, pima. Chini ya 0.5 imeoshwa vizuri. Ikivuka 1, jiandae kuosha sana au tafuta muuzaji mwingine.

Ukishachanganya, pima hewa. Chukua ndoo yenye kimo sawa na mfuko wako (kimo kikibadilika majibu yanabadilika), toboa chini, ziba kwa utepe wa gundi. Jaza media, mimina maji taratibu mpaka yatokeze juu, acha inywe, ongeza. Bandua utepe, kinga maji yanayotoka kwa saa moja. Ndoo ya lita 10 ikitoa lita 2, hewa ni asilimia 20, uko salama. Ikitoa lita moja, ongeza pumba. Ikivuka lita 3, itakauka mno mchana, ongeza kokopiti.

---

Nzuguni_Kijani

Asanteni sana, sikutegemea majibu ya kina hivi. Majibu ya maji haya hapa: EC 1.1, pH 7.8, bikaboneti miligramu 300 kwa lita. Kuna la kufanya au nihame zao?

---

Matone_Kati

Usihame, ila usiyatumie hivyo yalivyo. Hesabu ni hii. Mchanganyiko wa mbolea wa kawaida wa stroberi unaongeza EC kama 1.3. Jumlisha na 1.1 yako unapata 2.4. Stroberi inataka maji ya kumwagilia yenye EC 1.2 hadi 1.6 kwa jumla. Ukipunguza mbolea mpaka ufike 1.6, mche unakunywa chumvi ya kisima badala ya chakula.

Dawa iko juu ya paa lako. Mita za mraba 120, mvua yetu ni kama milimita 550 kwa mwaka. Ukikinga asilimia 80 unapata lita 53,000 hivi. Miche 800 kwa wastani wa mililita 400 kwa siku ni lita 320. Maji ya mvua matupu yanakupeleka siku 165. Ukiyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, yanafika siku 330, na EC ya kuanzia inashuka hadi 0.55. Tatizo ni kwamba mvua yote inaanguka Desemba hadi Aprili, nyingine kwa dhoruba mbili tatu, kwa hiyo mifereji ya kitalu iwe mipana na ghala liwe kubwa: bwawa la kuchimba lenye nailoni nzito ndani na kivuli juu. Bila kufunikwa, jua na upepo vinakula maji yako na kuacha chumvi.

Bikaboneti ndiyo inayopandisha pH ya media siku hadi siku hata kama ulianza vizuri. Ukichanganya nusu kwa nusu inabaki kama 150, sawa na milimoli 2.5 kwa lita. Acha 0.5 hadi 1, zilizobaki ziue kwa asidi mpaka pH ifike 5.8 hivi. Kwa asidi ya naitriki ya asilimia 60, milimoli 2 kwa lita ni kama mililita 150 kwa lita 1,000. Inakuletea naitrojeni miligramu 28 kwa lita, ipunguze kwenye mbolea. Usitegemee asidi ya fosforasi peke yake: kiasi kinachohitajika kitajaza fosforasi kwenye media, na chuma na zinki vitafungwa. Asidi inamiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Vaa glovu na miwani.

Mbolea kwa lita 1,000 za maji ya mvua matupu: kalsiamu naitreti gramu 500, potasiamu naitreti 250, monopotasiamu fosfeti 150, magnesiamu salfeti 300, chuma cha EDDHA (kishikizi cha chuma) cha asilimia 6 gramu 25, na madini madogo kwa kipimo cha kwenye pakiti. Hapo unapata naitrojeni kama 110, potasi 140 na kalsiamu 95, miligramu kwa lita. Ukitumia nusu kisima, anza kwa kalsiamu naitreti 350 na magnesiamu salfeti 150 kwa sababu maji magumu yameshaleta sehemu. Potasiamu naitreti usiiguse, matunda yanaitaka. Kalsiamu naitreti iwe tangi lake, fosfeti na salfeti tangi lingine. Zikikutana zikiwa nzito zinaganda kama chokaa na kuziba matundu ya matone.

Chuma chukua cha EDDHA hata kama kina bei. Cha EDTA kinaachia chuma pH ikishavuka 6 na ushei, na kwa maji ya Dodoma itavuka siku utakayosahau asidi. Dalili ni majani machanga kuwa ya njano mishipa ikibaki kijani.

Ratiba: tundu la lita 2 kwa saa linatoa mililita 33 kwa dakika. Ukiweka tundu moja kwa miche miwili, dakika 3 ni mililita 50 kwa kila mche. Mara 8 kwa siku ni 400. Anza saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, sogeza mizunguko ikaribiane kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na ya mwisho iwe saa mbili kabla ya jua kuzama ili usiku mizizi ipumue. Siku za joto kali utafika 500.

Kinga maji yanayochuruzika kwenye mfuko mmoja. Mfuko wa miche 10 unaopokea lita 4 utoe mililita 800 hadi lita 1.2. Pima EC ya hayo maji kila siku mbili. Ikizidi ya maji yanayoingia kwa 0.5, ongeza mzunguko mmoja, ikizidi kwa 1, suuza kwa maji ya mvua yenye mbolea kidogo sana (EC 0.6 hivi) mpaka ishuke. Kitalu bila hicho kipimo ni kubahatisha.

---

ShambaTuta

Mnamtisha mtu kwa vipimo. Stroberi zimelimwa kwenye tuta la udongo miaka yote. Atengeneze tuta la sentimita 30, aweke mboji, nailoni juu, matone chini yake. Gharama ndogo mara kumi.

---

Afisa_Mimea

ShambaTuta, kwa tuta una hoja, na kama angekuwa anauliza kuhusu tuta jibu lingekuwa tofauti. Tuta limeungana na ardhi, maji yanashuka, na udongo mwingi unavumilia makosa ya siku mbili. Kwa maji ya EC 0.3 kwenye udongo mwepesi, ningemwambia afanye hivyo hivyo. Lakini yeye ana maji ya 1.1 chini ya paa lisiloruhusu mvua kuusafisha udongo. Chumvi itapanda juu msimu mmoja tu, utaiona nyeupe kando ya nailoni, na kuiondoa udongoni inahitaji maji mengi kuliko aliyonayo. Mfuko wa lita 20 unausuuza kwa saa moja. Kwa hali yake, media isiyo na udongo ndiyo rahisi.

"Mara kumi" sijui imetoka hesabu gani, lakini bwawa atalihitaji hata kwenye tuta.

---

Nzuguni_Kijani

Nimewaelewa. Mawili ya mwisho: mifuko iwe ya rangi gani na upandaji ukoje? Na viwanda vya mvinyo hapa wanamwaga makapi ya zabibu, hayafai kama media?

---

MpungaMweusi

Mifuko nyeupe nje, nyeusi ndani. Mizizi ya stroberi inafurahia nyuzi 15 hadi 22. Ikishapita 25 inapunguza kunywa, na mfuko mweusi ukipigwa na jua la Oktoba unapita 30 mapema tu. Ongeza neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40, ikunjwe Juni na Julai. Matundu ya kutolea maji yawe chini kabisa, si ubavuni, na kichanja kiwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita.

Lowesha media siku moja kabla kwa maji yenye mbolea nusu. Miche miwili miwili, sentimita 20 kati ya mche na mche kwenye mstari; mfuko wa mita moja unabeba 10. Mizizi ishuke wima, isikunjwe kama ndoano. Moyo wa mche, pale majani yanapochipukia, ulingane na uso wa media. Ukizama unaoza, ukinyanyuka mizizi mipya inakutana na hewa kavu na kufa kabla ya kuingia. Media itashuka kidogo wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo jaza na ushindilie kwa maji, si kwa kiganja. Maua ya kwanza yatoe mpaka mche uwe na majani matano au sita yenye afya.

Mche ukinyauka mchana na media imelowa, usiongeze maji. Ung'oe mmoja, tazama. Mizizi ya kahawia inayovuliwa ganda kwa vidole imekosa hewa. Mizizi ikiwa mizima, pasua moyo kwa kisu: wekundu au kahawia ndani ni ugonjwa, uchome pamoja na media yake. Kingo za majani makubwa zikikauka kama zimeunguzwa, hiyo ni chumvi.

Matunda yaliyopinda mara nyingi hayasababishwi na media, ni uchavushaji hafifu. Weka mzinga wa nyuki wadogo wasiouma ndani ya kitalu, wanafanya kazi hiyo vizuri. Halafu hewa kavu ni sikukuu ya utitiri mwekundu. Kagua chini ya majani kila wiki.

---

Afisa_Mimea

Makapi ya zabibu: mabichi, hapana. Yana asidi, yanachacha na kupata moto, na mbegu zake zinachelewa kuoza. Yakiozeshwa miezi minne hadi sita, yakigeuzwa na kuwekwa unyevu mpaka lundo lisipate moto tena ukiligeuza, yanakuwa mboji nzuri yenye hewa. Tatizo ni potasi nyingi, na potasi nyingi inagombana na kalsiamu na magnesiamu kwenye mizizi. Kwa mifuko yako usizidishe asilimia 10 ya ujazo, ipunguze kutoka kwenye sehemu ya kokopiti, upime EC kwanza. Jaribu kwenye mifuko 8 kati ya 80, pembeni yake 8 ya 70 kwa 30, mstari huohuo wa matone. Linganisha idadi ya mioyo kwa mche na uzito wa matunda kwa mfuko, urefu wa majani utakudanganya.

Media hiyo itumie misimu miwili. Baada ya hapo kokopiti inasagika, inashika maji mengi, na kipimo cha ndoo kitakuonyesha hewa imeshuka chini ya 15. Kati ya msimu na msimu ng'oa mizizi mikubwa, suuza, lowesha, funika kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita Septemba na Oktoba, jua la hapa linatosha kupunguza fangasi na minyoo. Iliyochoka ipeleke kwenye tuta la mboga. Ndugu yetu ShambaTuta ataipokea.

---

ShambaTuta

Nitaipokea 😄 ila isuuzwe kwanza.